Kipande cha 4416

Alfajiri, kabla mvua haijavuka Wanale,
ninafungua orodha ya madeni.
Si ya fedha. Hapa hajalipwa mtu, hata mimi.
Mlima tumeukata vipande elfu tisa,
kila kipande mteremko mmoja, udongo wake, maji yake,
na swali ni lile lile:
ukinyeshewa siku nne mfululizo, utashika?

Tunawagawia wenye kompyuta zilizolala bure.
Kila kipande nyumba mbili, zisizojuana,
na siku kumi na nne za kurudisha.

Okurut wa Soroti alibeba mia tatu usiku mmoja,
kama mtu aliyejaza sahani arusini kisha akaitwa nje.
Hajarudisha hata kimoja.
Sasa nampa kimoja kimoja. Akirudisha, nitaongeza.
Simchukii. Nia anayo; usiku ndio hakuupima.

Sista Pelajia wa zahanati ya Nyondo ni mwingine.
Mashine yake inahema kama mwenye pumu,
inamaliza siku ya kumi na tatu, saa tano za usiku,
kila mara.
Huyo simgusi.

Na wengine hawaagi.
Kompyuta imeuzwa Owino na kazi yetu tumboni.
Mtoto karudi chuoni Kampala kaondoka na waya.
Yupo mmoja alizikwa Sironko mwezi wa nne,
nasi bado tunamhesabia saa.
Kwenye kioo wote wana neno moja: *Inaendelea.*

4416 kilikwenda kwa Kituyi wa fotokopi, Barabara ya Naboa,
na kwa Mwalimu Wepukhulu, shuleni kwake Bulucheke.
Kituyi akarudisha siku ya tatu: *utashika.*
Mwalimu akafika asilimia tisini na sita,
kisha kimya.

Siku ya kumi na tano nikapiga simu. Hapatikani.
Kawia ufike, walisema wahenga,
lakini hawakuniambia nikawie hadi lini
wakati kuna watu wanaolala chini ya huo mteremko.
Nikamkata. Neno hilo ndilo tunalotumia, *kukata.*
Nikampelekea Cherop, fundi wa simu wa Kapchorwa.
Siku mbili tu: *hautashika.*

Mashahidi wawili, kauli mbili.
Nikatoa nakala ya tatu,
na foleni, isiyonijali, ikamchagua Sista Pelajia.

Siku ya ishirini na tatu bodaboda ikasimama getini.
Mwalimu Wepukhulu, matope hadi magotini,
kakumbatia kompyuta ndani ya koti la mvua;
mwenyewe kalowa.
Nguzo ya umeme ilianguka, akasema,
nikaipeleka kwa shemeji mwenye sola, jua nalo likagoma.
Imemaliza jana. Najua muda umepita.

Tukaichomeka. Mfumo ukajibu kwa adabu yake ya chuma:
*Kimechelewa. Hakihitajiki.*
Mwalimu akaanza kukunja koti.
Sheria hiyo niliiandika mimi,
mwaka juzi, nikiwa nimeshiba, mchana.
Nikaifungua nikafuta mstari mmoja.

*Hautashika.*

Wawili kwa mmoja. Nikampigia mwenyekiti wa kijiji,
tukazungumza muda mrefu juu ya mihogo ya watu
na wapi wangelala.
Mwalimu nikampa alama zake zote, hazinunui hata chumvi;
akaomba nimwandikie kwenye karatasi,
wanafunzi wapate kuona.

Ikabaki nakala ya Nyondo, asilimia arobaini,
inakula umeme wa zahanati kwa jibu tulilokwisha kupata.
Kitufe cha kusitisha kipo. Kidole nikakiweka.
Nikakiondoa.

Siku ya kumi na tatu, saa tano za usiku,
jibu lake likaingia.
Sikulihitaji tena.
Nililisoma lote.